Mchujo wa Obama 2008: ya barazani na ya kwenye hesabu

Matokeo ya Iowa, jimbo la Marekani lililoanza mchujo wa mwaka ule, yalitufikia alfajiri ya Ijumaa, tarehe 4 Januari 2008. Kenya ilikuwa na siku nane tu tangu uchaguzi wa Desemba 27, Kisumu na Eldoret kunawaka, na wengi wetu tulikuwa tumelala na redio sikioni tukitafuta habari za nyumbani. Katikati ya hizo ikachomekwa nyingine: mtoto wa mtu wa Kogelo, Barack Obama, kawabwaga Hillary Clinton na John Edwards, wenzake wa chama cha Democrat. Kufika saa nne asubuhi, barazani walishakuwepo wanaoapa kwamba kijana keshakuwa rais.

Hakuwa rais. Hakuwa hata mgombea wa chama chake. Na sehemu ya mkanganyiko ilitokana na maneno yetu wenyewe. Mkenya akisikia kura za mchujo anaelewa kuwa vyama vinachuja watu wao. Mtanzania jambo hilohilo huliita kura za maoni. Mkenya naye, umtajie kura ya maoni, anakumbuka ile ya katiba ya 2005, ya chungwa na ndizi. Kisha yupo wa tatu anayedhani ni zile takwimu za kupigia watu simu na kuwauliza wanampenda nani. Mtangazaji mmoja, sentensi moja, wasikilizaji watatu na habari tatu. Mimi hapa nitasema mchujo, na nitayapima yaliyosemwa barazani moja baada ya jingine.

“Aliyechukua Iowa kamaliza kazi”

Usiku uleule, upande wa Republican, Iowa alishinda Mike Huckabee. Tarehe 4 Machi aliaga mbio, na tiketi ya chama ikaenda kwa John McCain. Mwaka 2012 Mitt Romney alitangaziwa ushindi wa kura 8, hesabu za mwisho zilipothibitishwa ikaonekana Rick Santorum ndiye aliyeongoza, kwa kura 34. Mwaka 2016 ikawa zamu ya Ted Cruz. Huckabee, Santorum, Cruz: hakuna hata mmoja aliyepata tiketi. Hata Jimmy Carter, anayetajwa kila msimu kuwa ni mtu aliyetengenezwa na Iowa, mwaka 1976 hakuwa wa kwanza. Waliojiandikisha kuwa hawajaamua walikuwa wengi kumshinda.

Iowa ilimpa Obama kitu kingine. Jimbo lile wakati huo lilikuwa la Wazungu kwa zaidi ya asilimia 90. Mwaka 2007 sehemu kubwa ya wapiga kura weusi ilikuwa kwa Clinton, na hata John Lewis, mbunge aliyevunjwa kichwa na polisi kwenye maandamano ya haki za weusi kule Selma mwaka 1965, alikuwa upande huo. Wengi waliamini Wazungu hawatampigia kura mtu mweusi, sasa ya nini kupoteza kura? Iowa ikajibu swali hilo. Siku tano baadaye Clinton alimshinda New Hampshire, lakini South Carolina, ambako wapiga kura weusi ndio wengi katika mchujo wa Democrat, Obama alipata asilimia 55 dhidi ya 27. Februari Lewis naye akahama.

“Waliingia kwenye chumba cha kura, wakatumbukiza karatasi”

Kwa Iowa ya Democrat ya mwaka ule, hapana. Mkenya mwenye umri wa kutosha angeutambua mchezo mara moja: ni mlolongo. Uleule wa KANU wa 1988, watu kusimama nyuma ya mgombea wao mbele ya macho ya kila mtu, ila huu haukuwa na chifu wa kuhesabu mstari mfupi kuwa ndio mrefu.

Ingia nao. Ni ukumbi wa michezo wa shule, saa moja jioni, makoti mazito yamerundikwa kwenye viti. Wa Obama kona ile, wa Clinton huku, wa Edwards karibu na mlango. Mwenyekiti anahesabu vichwa. Kundi lisilofikisha kiwango, kwa kawaida asilimia 15 ya waliomo, linavunjwa, na hapo ndipo shughuli inapoanza: majirani wanawavamia walioachwa wakiwa. “Mama, njoo kwetu, wewe na mwanao mnatutosha kupata mjumbe mmoja zaidi.” Wengine wanahama, wengine wanachukua makoti yao na kwenda nyumbani. Kisha vichwa vinahesabiwa upya. Muuguzi aliye zamu usiku huo hana kura. Ndiyo sababu kampeni ya Obama ilikaa Iowa karibu mwaka mzima ikitafuta watu ambao hawajawahi kufika kwenye ukumbi kama huo. Waliojitokeza kwa Democrat walikaribia 240,000, takriban mara mbili ya 2004.

“Ni kwa wenye kadi za chama”

Hakuna kadi ya kulipia wala katibu wa tawi. Majimbo mengi humwacha mtu aandike jina la chama wakati anapojiandikisha kupiga kura serikalini, basi. Kuna majimbo yanayomruhusu yeyote kuchagua siku ileile atapigia chama gani, na kuna yanayofunga mlango mapema. New York ni ya kufunga: mwaka 2016 Ivanka na Eric Trump hawakuweza kumpigia baba yao kura ya mchujo kwa kuwa walichelewa kujiandikisha kama Republican.

“Mwenye majimbo makubwa ndiye mshindi”

Hii ndiyo iliyowatoa watu jasho mwaka ule. Clinton alichukua California, New York, New Jersey, Ohio, Pennsylvania. Ukitazama ramani unauliza: huyu anashindwaje?

Anashindwa kwa sababu kinachogombewa ni wajumbe, wale watakaopiga kura ya mwisho ya kumteua mgombea wa chama, na Democrat hugawana wajumbe kwa uwiano wa kura. Chukua wilaya ya bunge yenye wajumbe 4. Ukipata asilimia 60 na mwenzako 40, mnagawana wawili kwa wawili. Umetembea mwezi mzima, umelipia matangazo, umeshinda kwa pointi ishirini, na faida yako ni sifuri. Wilaya ya wajumbe 3, mwenye asilimia 51 anapata wawili na mwenzake mmoja. Watu wa Obama, David Plouffe aliyeendesha kampeni na Jeff Berman aliyeshika hesabu za wajumbe, walijua wilaya zipi zina shufwa na zipi zina witiri, na pesa walizipeleka kwa mujibu huo.

Sasa tazama Jumanne Kuu, siku ambayo majimbo mengi hupiga kura kwa pamoja, mwaka ule tarehe 5 Februari. New Jersey walipiga kura zaidi ya watu milioni moja, Clinton akashinda vizuri, wajumbe 59 kwa 48. Faida: 11. Idaho, jimbo la viazi ambalo Democrat hulipita kwa ndege, walijitokeza watu 21,000 hivi kwenye mikutano kama ile ya Iowa, Obama akapata karibu asilimia 80, wajumbe 15 kwa 3. Faida: 12. Idaho ikaifuta New Jersey na chenji ikabaki.

Texas ilikuwa kichekesho zaidi. Tarehe 4 Machi watu walipiga kura mchana na Clinton akashinda, usiku wakarudi kwenye mikutano na Obama akashinda, na hesabu ya pamoja ikampa Obama 99, Clinton 94. Magazeti mengi asubuhi yake yaliandika Clinton kashinda Texas. Ni kweli, isipokuwa pale penye maana.

Nionye tu kwamba hesabu hii ni ya Democrat. Republican huyaachia baadhi ya majimbo kumpa mshindi wajumbe wote, kama Florida ya 2016 ilivyompa Donald Trump wote 99 na kumtoa Marco Rubio siku ileile.

“Fedha ni za walalahoi”

Nusu yake ni kweli. Waliochangia kupitia intaneti walikuwa wengi kuliko ilivyozoeleka, lakini mwisho wa kampeni nzima, wale ambao jumla ya michango yao haikufika dola 200 walikuwa wametoa robo hivi tu ya fedha za watu binafsi. Ukomo wa mtu mmoja kwa msimu wa mchujo ulikuwa dola 2,300. Na waliokuwa wakisema kwetu tufanye harambee tumtumie kijana wetu, sheria ya Marekani inakataza mgeni kuchangia hata senti. Mwenye grini kadi anaruhusiwa kuchangia ingawa hapigi kura, na mgeni anaruhusiwa kujitolea bila malipo. 

“Mshindi wa mchujo hawezi kuguswa”

Wanaopiga kura ya mwisho ni wajumbe. Mwaka 1968 Hubert Humphrey alipata tiketi bila kushindana katika mchujo hata mmoja, na fujo za mkutano mkuu wa chama kule Chicago mwaka ule ndizo zilizosababisha kanuni za sasa. Mwaka 2024 Joe Biden alizoa karibu wajumbe wote, akajiondoa tarehe 21 Julai, na wajumbe walewale wakamchagua Kamala Harris. Mwaka 2008 wenyewe, si Obama wala Clinton aliyeweza kufikisha idadi bila viongozi wa chama, wale wajumbe wasiofungwa na kura ya jimbo lolote. Walipomiminika kwa Obama tarehe 3 Juni, Clinton akabakiza siku nne kabla ya kutangaza kwamba anasitisha kampeni.

Wiki nne na ushei kabla ya hapo, mwezi Mei, walipiga kura Guam, kisiwa cha Marekani katikati ya Pasifiki. Obama 2,264, Clinton 2,257. Tofauti ya kura saba, na wajumbe wakagawanywa nusu kwa nusu. Ilipofika Novemba, siku ya kumchagua rais mwenyewe, kura za Guam hazikuhesabiwa kabisa, kwa kuwa kisiwa si jimbo.