Je, wajua kwanini harufu ya moshi haikuamshi ukiwa usingizini?

Ukimuuliza mtu kwanini nyumbani kwake hamna alamu ya moshi, mara nyingi atakwambia moto ukiwaka si nitasikia harufu, nitaamka tu. Na ukiwa macho ni kweli kabisa, karatasi ikiungua chumba cha tatu unaisikia kabla hata hujauona moshi wenyewe. Ila huo ukweli ni wa mtu aliye macho tu. Ukishazama usingizini pua haikulindi tena, na hili jambo limepimwa maabara, sio dhana ya mtu.

Mwaka 2004 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Brown kule Marekani, Mary Carskadon na Rachel Herz, walitoa utafiti wao ambapo walilaza watu wachache maabara wakawa wanawapelekea harufu puani kwenye hatua tofauti za usingizi, moja ni harufu nzuri ya mnanaa na nyingine ya piridini, kemikali inayonuka vibaya mno. Mtu akiwa ndo kwanza anaanza kusinzia alizisikia zote mbili bila shida. Akishafika usingizi mzito au ule wa ndoto, mnanaa haukumshtua hata kidogo, na piridini pamoja na ubaya wake wote ilishindwa kumwamsha mara nyingi. Lakini walipopiga mlio kwenye spika waliamka karibu kila mara. Kwahiyo sikio linabaki zamu usiku kucha, pua hapana, na ndo maana kifaa cha kukuokoa usiku kinapiga kelele.

Kuna jamaa Japani walitengeneza alamu ya kuamsha viziwi kwa kupuliza chumbani mvuke wa wasabi, kile kiungo kikali cha Kijapani, na mwaka 2011 wakapewa kwa kazi hiyo tuzo ya Ig Nobel, ile ya tafiti zinazochekesha kwanza halafu zinafikirisha. Ile inafanya kazi kwasababu wasabi haitegemei kunusa, inachoma mishipa ya fahamu ya maumivu iliyo puani, na maumivu yanaamsha. Moshi wa mwanzo wa godoro linaloungua taratibu hauna ukali wa namna hiyo.

Sasa ubaya unaongezeka hapa. Moshi wenyewe una hewa ya kaboni monoksidi, haina rangi, haina harufu, na inaing'ang'ania himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoweza. Yaani mtu anaendelea kupumua vizuri tu huku damu haibebi oksijeni ya kutosha, kwahiyo badala ya kuamka anazidi kuzama, na hata akiamka anaamka kichwa kizito, amechanganyikiwa, miguu haimbebi, mlango anaoujua miaka yote hauoni. Ongeza na sponji za magodoro na sofa ambazo zikiungua zinatoa sianidi, sumu nyingine kabisa. Ndo maana wengi wanaokufa kwenye moto wa nyumbani hawauliwi na miali, wanauliwa na moshi, na wengine moto haujawahi kufika hata chumba walichokuwa wamelala.

Na muda nao umepungua sana. Wataalamu wa maabara za UL, shirika la Marekani linalopima usalama wa bidhaa, walishawahi kutengeneza sebule mbili, moja wakaijaza samani za zamani za mbao, pamba na vitambaa vya asili, nyingine samani za siku hizi zenye sponji na plastiki, wakaziwasha moto. Ile ya zamani ilichukua karibu nusu saa mpaka chumba chote kushika moto kwa mpigo. Ya kisasa haikufika dakika 5. Hapo unaona kabisa kwamba mtu anayesubiri mpaka akohoe ndo aamke anakuwa ameshatumia muda wote aliokuwa nao.

Haya, alamu inajuaje kuna moshi? Ziko aina mbili na zinafanya kazi kwa njia tofauti kabisa.

Ya kwanza inatumia mwanga. Ndani yake kuna chumba kidogo cheusi chenye taa ndogo na jicho la kupokea mwanga, lakini vimewekwa kwa pembe ili mwanga usilifikie jicho moja kwa moja. Hewa ikiwa safi jicho halioni kitu. Moshi ukiingia, chembechembe zake zinautawanya mwanga pande zote, kidogo unaangukia kwenye jicho, alamu inalia. Ni kama ule mwale wa jua unaopenya dirishani, huuoni mpaka kuwe na vumbi hewani. Aina hii inawahi sana kugundua moto unaofuka taratibu bila miali, ule wa sigara iliyoangukia kwenye sofa au waya uliopata joto karibu na godoro, kwasababu moto huo unatoa chembe kubwa kubwa.

Ya pili inatumia mionzi, na usishtuke, kiasi chake ni kidogo mno. Ina punje ya amerisiamu-241 ambayo mionzi yake ya alfa inafanya hewa iliyo katikati ya vibati viwili ipitishe umeme kidogo sana, moshi ukiingia unavuruga ule mkondo, umeme unashuka na alamu inalia. Mionzi ya alfa hata karatasi inaizuia, kwahiyo ikikaa darini bila kufunguliwa haina madhara kwa aliye chini yake, ila usiipasue wala kuichoma moto. Hii inawahi zaidi moto wa miali unaowaka haraka, kama karatasi au mafuta, sababu chembe zake ni ndogo ndogo. Kama unanunua moja tu mimi ningekushauri ile ya mwanga, manake moto unaofuka ndo unaomkuta mtu amelala, na pia haisumbui sana kwa moshi mdogo mdogo wa jikoni. Ukiweza kupata yenye aina zote mbili ndani ya boksi moja bora zaidi.

Hiyo ya mionzi ilianza bila mtu kuitafuta. Miaka ya 1930 Mswisi mmoja mwanafizikia, Walter Jaeger, alikuwa anajaribu kutengeneza kifaa cha kugundua gesi ya sumu, kikakataa, gesi haikubadilisha chochote kwenye mita yake. Akawasha sigara, na mara akaona mshale umesogea, kumbe moshi wa sigara ulikuwa umefanya kile ambacho gesi ilishindwa. Kutoka hapo mpaka alamu zikawa ndogo, za betri, za mtu kununua na kufunga mwenyewe nyumbani ilichukua miongo kadhaa, mpaka miaka ya 1960 na 1970.

Sasa kuna jambo linawaudhi watu wengi, kale kasauti ka "tii" moja kila baada ya sekunde kadhaa, na karibu kila mara kanaanza usiku wa manane. Kana sababu yake. Betri inayokaribia kuisha nguvu zake zinashuka zaidi kukiwa na baridi, na muda ambao nyumba ina ubaridi kuliko wote ni kuanzia usiku wa manane mpaka alfajiri. Kwahiyo betri inavuka mstari wa hatari saa hizo, alamu inakwambia nibadilishe, asubuhi kukipata joto inanyamaza na wewe unasahau. Mlio huo mmoja mmoja sio moto. Moto kwa kawaida ni milio mitatu mfululizo, kimya kidogo, mitatu tena, na haiachi. Ukisikia minne minne hiyo ni lugha ya alamu za kaboni monoksidi, toka nje upate hewa.

Na hapa nisisitize, alamu ya moshi ya kawaida haigundui kaboni monoksidi peke yake. Mkaa uliokolea vizuri ndani ya chumba kilichofungwa, au jenereta iliyowekwa ndani, unaweza usitoe moshi wa kuonekana kabisa na ukaua, na alamu ya moshi ikakaa kimya. Kaboni monoksidi ina alamu yake ya peke yake.

Kosa kubwa kuliko yote ni kutoa betri kwasababu alamu inalia kila ukipika. Shirika la NFPA la Marekani, ambalo linafuatilia takwimu za moto, linaonyesha kwamba karibu vifo 3 kati ya 5 vya moto wa nyumbani vinatokea kwenye nyumba ambazo hazina alamu au alamu ipo lakini haifanyi kazi, na inaposhindwa kufanya kazi sababu kubwa ni betri, imetolewa au imekwisha. Iliyotolewa betri ina hatari ya ziada, manake watu wa nyumba wanaiona pale juu wanajua wanalindwa. Kama inalia ovyo ihamishe, usiizime. Iwe angalau mita 3 kutoka kwenye jiko, isikae mlangoni mwa bafu sababu mvuke nao inauona kama moshi, na isiwe jirani na feni au dirisha linalopuliza moshi pembeni. Vumbi na wadudu wakiingia kile chumba cheusi inalia pia, ipitishie brashi laini au vakyumu mara kwa mara.

Pa kuifunga ni darini, kwasababu moshi wa moto ni hewa ya joto na unapanda kwanza, unatanda juu, halafu unaanza kushuka. Ukifunga ukutani iwe juu karibu na dari, ila sio kwenye kona kabisa pale ukuta na dari vinapokutana, hewa ya pale inazunguka kidogo, acha kama sentimita 10. Kila chumba cha kulala kiwe na yake, nyingine kwenye korido ya nje ya vyumba, na kila ghorofa angalau moja. Zipo zinazoongea zenyewe kwa zenyewe, moja ikilia sebuleni zote zinalia, na kwa nyumba kubwa au ya ghorofa hizo ndo za kutafuta manake alamu ya chini mlango ukiwa umefungwa huwezi kuisikia vizuri. Bonyeza kitufe cha kujaribu kila mwezi. Na angalia tarehe nyuma yake, ikifika miaka 10 toka itengenezwe itupe hata kama bado inalia, sensa yake imechoka.

Halafu mlango. Lala umefunga mlango wa chumba. Watu wengi wanaacha wazi wakidhani ndo watawahi kutoka, lakini majaribio ya UL yameonyesha tofauti ya kutisha, chumba kilichofungwa mlango kinabaki na joto la kama nyuzi 40 hivi wakati kilichoachwa wazi, kwenye moto ule ule, kinapita nyuzi 500. Mlango wa kawaida tu wa mbao unanunua dakika kadhaa na unazuia moshi mwingi. Ila mlango uliofungwa unapunguza pia sauti, ndo maana nasema alamu iwe ndani ya kila chumba.

Ikilia usikae unatafuta simu wala nguo. Gusa mlango kwa nyuma ya mkono, ukiwa wa moto usiufungue, tumia dirisha au njia nyingine. Kukiwa na moshi tambaa, hewa inayovutika iko chini karibu na sakafu. Ukipita mlango uvute nyuma yako. Ukishatoka usirudi kwa chochote, piga simu zimamoto ukiwa nje, na mkutane sehemu moja mliyokubaliana kabla ili mjue nani hayupo.

Na kuna watu ambao hiyo alamu inaweza isiwaamshe, watoto. Mlio wa alamu nyingi ni mwembamba na wa juu, na usingizi wa mtoto ni mzito kuliko wa mtu mzima. Hospitali ya watoto ya Nationwide kule Ohio walijaribu kwa watoto 176 wa miaka 5 mpaka 12, mlio wa kawaida uliwaamsha kama nusu tu, wakati alamu iliyorekodiwa sauti ya mama yao iliamsha karibu 9 kati ya 10, na walitoka chumbani kwa sekunde chache wakati wale wa mlio wa kawaida wengi walichukua dakika kadhaa. Wazee nao masikio hupoteza kwanza sauti hizo hizo nyembamba, kwao zinafaa zenye mlio mzito wa hezi 520, na kwa kiziwi zipo za taa kali inayomweka pamoja na kifaa cha kutikisa kitanda. Kwahiyo mkipanga nani anatokea wapi usiku, kila mtoto apewe mtu mzima wake wa kumfuata kitandani kwa jina, na mjaribu siku moja kuiliza alamu watoto wakiwa wamelala muone nani ameamka na nani hajatikisika.