Kabla Hujamwaga Bayocha Shambani

Msimu wa kupanda ukikaribia, ofisi yetu hupokea malalamiko yale yale kutoka ukanda wa miwa wa Kakamega na Bungoma, magharibi mwa Kenya: mkulima amemwaga bayocha (makaa ya mabaki ya mimea ya kurutubisha udongo) au tope la kiwanda cha sukari (masalio ya kusafisha maji ya miwa), na mahindi yamegeuka manjano. Tukifuatilia, mara nyingi udongo haukupimwa na mzigo ulimwagwa mbichi.

Pima kwanza. Chota udongo sehemu 15 hadi 20 ukipita shambani kwa zigizaga, kina cha sentimita 20. Ruka palipolazwa samadi, kando ya ua, chini ya miti na kwenye kichuguu. Changanya katika ndoo ya plastiki (ya mabati hapana, zinki huharibu majibu), toa nusu kilo, anika kivulini, andika jina la shamba na tarehe. Sampuli zinazoletwa ndani ya gunia la mbolea tunazirudisha, na tutaendelea kuzirudisha.

Chini ya pH 5.5 (pH ni kipimo cha uchachu wa udongo; namba ikishuka, uchachu umezidi), aluminiamu huyeyuka, mizizi hudumaa na fosforasi ya DAP, mbolea ya kupandia, hufungwa udongoni. Hapo kazi kubwa ni ya chokaa ya kilimo. Bayocha huisaidia chokaa kupunguza uchachu kutokana na majivu yaliyomo, na ya magunzi huwa na majivu mengi kuliko ya mbao. Kwa hiyo chenga za muuza makaa, ambazo ni za miti, zisikupe matumaini makubwa. Na jamani, kuchoma mabua shambani si kutengeneza bayocha! Bayocha hupikwa kwa hewa finyu, kisha huchanganywa na samadi au mboji wiki kadhaa. Ikiingia mbichi hujishikia naitrojeni ya mmea.

Tope la kiwandani lina kalisi kwa sababu maji ya miwa husafishwa kwa chokaa. Lakini likiwa bichi huchacha: tia mkono ndani ya rundo la siku chache, utautoa mbio. Ligeuze mara kwa mara hadi lipoe kabisa.

Kuhusu usafiri, kifungu cha 87 cha sheria ya mazingira, EMCA ya 1999, kinakataza kusafirisha taka bila leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Dereva kusema "hii ni mbolea tu" hakumwokoi. Adhabu ni faini, kifungo au vyote viwili. Dai kuona leseni kabla ya kulipia lori, soma tarehe ya kuisha kwake, na mzigo usishushwe kando ya mto.