Kuku wa kuchoma nyumbani: rangi ya nje isikudanganye

Jamani leo tuongee kuhusu kuku wa kuchoma. Mimi kazi yangu ni usalama wa chakula, na swali ambalo halichoki kurudi ni hili hili moja, "mbona kuku wangu kaungua nje ila nikifika kwenye mfupa nakuta bado mbichi?" na anayeuliza mara nyingi keshakula nusu ya hilo paja ndo anauliza, yaani roho inaniuma maana hili jambo linazuilika kabisa na wala halihitaji jiko la gharama.

Shida kubwa ni moto. Wengi tunaamini moto mkali ndo unaivisha haraka, kwa hiyo mkaa unajazwa jiko zima, ukiwaka vizuri kuku anawekwa juu yake moja kwa moja na kila mtu anasubiri. Sasa joto haliingii kwenye nyama kwa kasi hiyo, linapiga ngozi kwanza halafu linasogea ndani taratibu, na paja la kuku ni nene, lina mfupa katikati, kwa hiyo ngozi inafika kwenye kuungua wakati nyama iliyo karibu na mfupa ndo kwanza imepata uvuguvugu. Tena ngozi ina mafuta, mafuta yakidondokea kwenye mkaa mwali unaruka juu unamlamba kuku na moshi mweusi unamganda, hapo unapata uchungu ule wa masizi na pia kemikali zinazotengenezwa mafuta yakiungua hivo, ambazo wataalamu wanashauri tuzipunguze kadiri tunavyoweza kwa sababu baadhi yake zinahusishwa na saratani.

Dawa yake ni rahisi mno. Mkaa wote usogeze upande mmoja wa jiko, upande mwingine uache bila kitu. Subiri mpaka mkaa uvae majivu meupe juu, hii inachukua kama dakika 20 mpaka 30 toka uwashe, usiwe na haraka hapa. Kuku muweke upande ule usio na mkaa, ufunike, jiko lako kama halina mfuniko tafuta sufuria kubwa ya chuma umfunikie, joto lizunguke kama kwenye oveni. Mapaja yenye mfupa yanaweza kuchukua dakika 35 mpaka 45 hivi, kidari kisicho na mfupa kinawahi zaidi, na kuku mzima ukimpasua mgongoni ukamlaza bapa anaiva sawasawa kuliko yule wa mviringo ambaye kidari kinakauka paja bado linakusubiri. Akikaribia kuiva ndo unamhamishia juu ya mkaa dakika chache, ngozi ikaze ipate rangi. Yaani rangi inakuja mwisho, sio mwanzo, ukishika hili peke yake tayari umeshapiga hatua kubwa.

Sosi nayo ifuate huko huko mwishoni. Sosi nyingi za kuchomea zina sukari au asali, na sukari inaungua mapema sana kabla kuku hajaiva, watu wanapaka toka dakika ya kwanza halafu wanashangaa kuku kawa mweusi. Paka dakika 10 za mwisho, geuza, paka tena, inatosha.

Sasa utajuaje kaiva? Hapa ndo naomba mnisikilize vizuri, rangi sio kipimo. Nyama ya karibu na mfupa inaweza kubaki na wekundu hata ikiwa imeiva kabisa, hasa kwa kuku waliochinjwa wadogo, kwa sababu mifupa yao bado haijakomaa na rangi ya uboho inavuja nje, na moshi wenyewe pia unaweza kuipa nyama rangi ya pinki. Upande wa pili, nyama inaweza kuwa nyeupe ikaonekana imeiva na bado haijafika joto la kuua wadudu. Hata ile ya kuchoma na uma ukaangalia kama maji yanayotoka ni meupe haiaminiki vile tunavyodhani. Kinachosema ukweli ni thamometa ya nyama, kale kenye ncha kama sindano. Ichome kwenye sehemu nene kabisa ya paja na ya kidari bila kugusa mfupa, maana mfupa unakupa namba ya uongo, na isome nyuzi joto 74 za selsiasi au zaidi. Kwenye joto hilo bakteria wanaotusumbua kwenye kuku wanakufa karibu papo hapo. Kama ni mapaja mimi nayaacha yafike hata 80 na kidogo, hapo ile mishipa migumu inalainika na nyama inaachia mfupa vizuri, ila kidari ukikipeleka huko kinakuwa kama karatasi. Na ukitaka kujua thamometa yako ni nzima, jaza glasi barafu iliyopondwa, ongeza maji kidogo, koroga halafu chovya, inatakiwa isome 0.

Bakteria wenyewe ni akina salmonela na kampilobakta. Kuku mbichi anaweza kuwa nao bila harufu wala dalili yoyote, ndo maana kunusa hakusaidii. Kampilobakta mara nyingi anakuja kukuangusha siku 2 mpaka 5 baada ya kula, kwa hiyo mtu anaharisha Jumatano anakilaumu chakula cha Jumanne kumbe ni kuku wa Jumapili. Watu wengi wanapona bila dawa, lakini watoto wadogo, wazee, wajawazito na wenye kinga dhaifu wanaweza kuumwa vibaya sana, na kuna wachache ambao baada ya kampilobakta neva zao zinashambuliwa na kinga ya mwili wao wenyewe mpaka viungo vinakosa nguvu. Sisemi haya kutisha mtu, ila ndo ukweli.

Halafu kuosha kuku. Najua hapa nagusa pabaya, tumelelewa tukiona kuku anaoshwa na asiyeosha anaonekana mchafu, lakini maji ya bomba hayaui bakteria, yanawarusha tu. Yale matone madogo madogo yanatua kwenye sinki, kwenye vyombo vilivyooshwa, kwenye kachumbari iliyo pembeni ambayo haitapikwa tena. Limau na siki navyo haviui wote, vinaleta ladha tu. Kama kuna kitu unataka kukitoa, futa na karatasi ya jikoni uitupe, halafu nawa mikono na sabuni sekunde 20.

Viungo vyako mkolezee ndani ya friji, sio juu ya meza, usiku mzima ni sawa kabisa. Yale maji ya viungo yaliyobaki kwenye bakuli yamekaa na nyama mbichi, usije ukampakia kuku aliyeiva, ukiyataka sana yachemshe kwanza yatokote vizuri. Kuku wa friza ayeyuke kwanza mpaka ndani, kwenye friji toka jana yake, au kwenye maji baridi akiwa ndani ya mfuko usiovuja huku unabadilisha maji kila dakika 30. Na sahani iliyobeba mbichi isirudi kubeba iliyoiva, koleo pia, hili kosa nimeliona hata kwa wapishi wazuri sana.

Kitu kingine, jiko la mkaa halitakiwi ndani ya nyumba hata kama nje kuna mvua, hata kama mkaa unaonekana umezimika. Linatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, unajisikia usingizi tu na wengine hawaamki tena. Na petroli isikaribie kabisa.

Akiiva mpumzishe dakika 5 au 10 ndo umkate. Kinachobaki kiingie friji ndani ya masaa 2, kama jua ni kali limepita nyuzi 32 basi ndani ya lisaa limoja, na kiliwe ndani ya siku 3 au 4 toka apikwe, ila kabla ya kula kipashe kwanza mpaka 74 tena. Vile vipande vilivyoshinda mezani toka mchana mpaka usiku tupa hata kama vinanukia vizuri, maana kuna bakteria wanaacha sumu kwenye chakula na hiyo sumu hata ukipasha haiondoki.