Bourse: mfuko wa mmoja, faida ya wangapi?

Hapa Bukavu, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni nadra kusikia mtu akisema "ufadhili wa masomo". Tunasema bourse, kwa Kifaransa, na aliyeipata anaitwa boursier. Asili ya neno hilo ni kifuko cha kuwekea pesa, na wengi wetu tunalielewa hivyo hivyo: mtu kapewa mfuko, minerval (ada ya masomo) imelipwa, tiketi ya ndege imelipwa, pesa ya kula inaingia kila mwezi. Mtoto wa jirani kule mtaa wa Kadutu akipata bourse ya Ulaya, utasikia mama mmoja anasema, "Huyo amesha toka." Yaani shida katuachia sisi.

Neno la Kiswahili sanifu lina uzito mwingine. Ufadhili unatokana na fadhila, na anayetendewa fadhila hubaki na deni la utu. Ndiyo maana mtu asiye na shukrani huambiwa kwamba fadhila za punda ni mateke (wazee wana neno chafu kuliko mateke, tuliache hapo). Basi kati ya mfuko na fadhila kuna swali: pesa iliyomsomesha mtu mmoja Brussels au Beijing inamfikiaje mama anayeuza sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu, sokoni?

Tuelewane kwanza juu ya mabadiliko ya jamii. Boursier akirudi akajenga ghorofa mtaa wa Muhumba, kilichobadilika ni familia yake, na hilo si dhambi. Hata yule asiyerudi, anayetuma pesa kila Septemba ili wadogo zake wasifukuzwe shule, ameisaidia familia. Jamii hubadilika pale jambo lililozoeleka linapoacha kuwa la kawaida, hata kwa watu wasiomjua boursier wala jina lake.

Kongo ilipopata uhuru mwaka 1960 haikuwa na daktari Mkongo hata mmoja. Chuo kikuu cha Lovanium kilikuwa kimefunguliwa mwaka 1954 tu, kile cha Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1956. Waliokuwepo ni wasaidizi wa madaktari, wanaume wenye uzoefu wa miaka mingi ambao sheria za wakoloni hazikuwaruhusu kuitwa daktari. Wabelgiji walipoondoka kwa wingi, Shirika la Afya Duniani lilitoa bourse kwa makumi ya wasaidizi hao, wakaenda Ufaransa kumalizia udaktari. Baada ya miaka michache walianza kurudi. Watu hawa hawakuokotwa barabarani: walikuwa wameshashika wagonjwa, walijua hospitali zao zinakosa nini, na nafasi zao zilikuwa zinawangoja. Naona siri kubwa ya jambo hili iko hapo, kuliko katika ukubwa wa pesa.

Mfano ulio karibu zaidi nasi ni wa daktari Denis Mukwege. Alizaliwa hapa Bukavu mwaka 1955, akasomea udaktari Burundi, akamaliza mwaka 1983, kisha akaenda kufanya kazi katika hospitali ya Lemera, kusini mwa mji wetu. Nia yake ilikuwa kutibu watoto. Lakini Lemera aliona wanawake wakifikishwa hospitali wamechelewa, wanavuja damu baada ya kujifungua, wengine wamepata fistula (tundu linalovujisha mkojo au kinyesi baada ya uzazi mgumu), na mtaalamu wa kuwashughulikia hakuna. Mwaka 1984 alipata bourse ya misheni ya Wapentekoste wa Sweden, akaenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake na uzazi.

Angalia mpangilio wa mambo. Shida ilitangulia, bourse ikafuata. Mukwege alipopanda ndege alikuwa na swali la Lemera kichwani, na alipohitimu mwaka 1989 alirudi Lemera ile ile. Oktoba 1996 vita viliifikia hospitali hiyo, wagonjwa na wafanyakazi wakauawa. Mwaka 1999 akaanzisha hospitali ya Panzi, hapa Bukavu, akiwaza akina mama wanaojifungua. Waliofika wakawa pia wanawake waliobakwa na watu wenye silaha. Tangu hapo makumi ya maelfu wametibiwa, na mwaka 2018 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad.

Toka 1984 hadi 1999 ni miaka 15. Wangari Maathai wa Kenya aliondoka mwaka 1960 na wale vijana waliopelekwa Marekani kwa msaada wa mwanasiasa Tom Mboya na marafiki zake wa huko, akasoma biolojia Kansas. Aliporudi mwaka 1966 kazi aliyoahidiwa alikuta kapewa mtu mwingine. Harakati ya Ukanda wa Kijani, ya kupanda miti, aliianzisha mwaka 1977, yaani miaka 17 baada ya safari ya kwanza. Mfadhili anayetaka kuona jamii imebadilika mwaka mmoja baada ya diploma anavuna mahindi yakiwa maua.

Wafadhili nao wanajua kwamba ndege ya kurudi inaweza kuondoka bila abiria. Ndiyo maana Chevening, bourse ya serikali ya Uingereza, humtaka boursier arudi kwao kwa miaka isiyopungua 2, na Fulbright, bourse ya Marekani, ina sharti linalofanana. Chevening hudai pia uzoefu wa kazi wa miaka 2 kabla ya kuomba. Masharti haya yanasaidia, lakini visa ikiisha mtu anaweza kurudishwa nyumbani bila kurudishwa kazini. Mtaalamu wa maabara akikuta hakuna umeme wala dawa za kupimia, na mkuu wake anaiona diploma mpya kama tishio kwa kiti chake, baada ya mwaka atakuwa anatafuta bourse nyingine.

Tena kuna wale ambao habari haiwafikii kabisa. Tangazo liko kwa Kiingereza, mtu kasoma kwa Kifaransa tangu shule ya msingi. Pasipoti ni pesa, ubalozi uko Kinshasa, na toka Bukavu hakuna barabara ya kukufikisha huko. Kwa hiyo mara nyingi mfuko unampata aliyekuwa na vifuko vingine tayari, halafu tunashangaa kwa nini akirudi hana habari na shida za mtaa kama Bagira.

Fomu nyingi za bourse zina swali la utafanya nini ukirudi. Vijana wengi huandika "nitachangia maendeleo ya nchi yangu", sentensi ambayo hata mimi niliwahi kuiandika, nikakosa bourse, na leo siwalaumu walioninyima. Daktari wa Lemera angekuwa na jibu fupi: kuna wanawake ninaowajua, wanakufa kwa jambo linalotibika.

Ng'ambo, kwa maana yake ya kale, ni upande wa pili wa maji tu. Madaktari kutoka nje nao wamekuja Panzi kujifunza upasuaji wa fistula. Kwao, ng'ambo ni Bukavu.