Si kila sauti iliyoachana ni latensi

Traki mbili, yaani sauti mbili zilizorekodiwa kila moja peke yake, zikikataa kukaa pamoja siku hizi, jibu ni moja: latensi. Gitaa limebaki nyuma ya ngoma, latensi. Mahojiano ya saa nzima yameanza sawa na kuisha huku jibu likimkatiza muuliza swali, hiyo nayo latensi. Na dawa ni ile ile, "punguza bafa", yaani ile akiba ndogo ya sauti ambayo kompyuta huikusanya kabla ya kuishughulikia. Kwa gitaa, dawa hiyo inaweza kusaidia kidogo. Kwa mahojiano haifanyi lolote, hata ukiipunguza mpaka laptopu ianze kukwaruza.

Latensi ni muda ambao sauti inautumia kupita ndani ya kompyuta: kuingia kutoka kwenye maiki, kugeuzwa namba, kusubiri kwenye bafa, kupitia kwenye programu na kurudi hedifoni. Bafa ya sampuli 256 (sampuli ni kipimo kimoja cha sauti kilichogeuzwa namba), kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, ni takribani milisekunde 5.8, ya 1,024 ni kama 23. Hiyo ni safari ya kwenda tu, kurudi kuna bafa yake. (Wanaokosa usingizi kwa ajili ya milisekunde 6 wakumbuke kwamba huo ndio muda wa sauti kuvuka mita mbili za hewa.)

Cha kushika hapa ni kwamba latensi, ukishachagua bafa na usipoigusa tena, haibadiliki kadiri wimbo unavyoendelea. Gitaa likichelewa milisekunde 40 kwenye ubeti wa kwanza, litachelewa 40 hizo hizo kwenye ubeti wa mwisho. Ndiyo maana inafidika: programu inairudisha traki nyuma kwa kiasi hicho na mambo yamekwisha. Nyingi hujifidia zenyewe kwa kuamini namba inayotolewa na dereva, yaani programu ndogo inayoiunganisha kadi ya sauti na kompyuta, na dereva wengine husema uongo. Audacity, programu ya kurekodi, huja na fidia ya milisekunde 130 iliyokwisha kuwekwa, namba ambayo haiwezi kuifaa kila mashine. Chukua waya, unganisha tundu la kutokea sauti na la kuingilia, cheza mdundo wa metronomu huku ukiurekodi kwenye traki mpya, kisha pima umbali kati ya mdundo wa asili na uliorekodiwa. Namba hiyo ndiyo ya kuingiza kwenye mipangilio. Ukibadilisha bafa, pima upya.

Mahojiano yale ni ugonjwa mwingine kabisa. Kila kifaa kinachogeuza sauti kuwa namba kina saa yake ndani, inayoendeshwa na fuwele, na hakuna fuwele mbili zinazokwenda sawasawa. Kimoja kinachodai sampuli 48,000 kwa sekunde kinatoa pungufu kidogo, kingine kinazidisha. Tofauti ya sehemu 50 kwa milioni ni ndogo mno kuisikia, lakini inazaa milisekunde 3 kila dakika, na ikifika saa moja ni 180. Pengo hilo halikai mahali pamoja, linakua. Ukisogeza traki ili mwisho ukae sawa, umeharibu mwanzo.

Wengi hunaswa hapa kwa sababu ya maiki za USB. Maiki ya USB ni kadi ya sauti kamili, ina saa yake. Ukichomeka mbili kwenye laptopu moja una saa mbili, hata kama programu ni moja na kitufe cha kurekodi ni kimoja. Kadi moja ya nje yenye matundu mawili au manane ina saa moja, na tatizo hili halizaliwi. Kwenye macOS ya kompyuta za Apple, programu ya Audio MIDI Setup inaweza kuunganisha vifaa kadhaa vionekane kimoja. Humo mna kisanduku cha kurekebisha mwachano wa saa (Drift Correction), nacho kitiwe alama kwa kila kifaa isipokuwa kile ulichokichagua kiongoze saa. Ikiwa umesharekodi, kofi moja mwanzoni na jingine mwishoni litakuokoa: linganisha la kwanza, pima pengo la pili, kisha nyoosha traki nzima kwa tofauti hiyo. Kunyoosha saa nzima kwa milisekunde 180 hakuna sikio litakalogundua.

Traki iliyorekodiwa kwa 44,100 na kuchezwa kama 48,000 ni jambo jingine tena, na hujitangaza lenyewe: sauti inakuwa nyembamba, na saa nzima inaisha kwenye dakika 55.

Halafu kuna traki inayokaa sawa dakika kumi, ikaruka ghafla, ikakaa sawa tena huku imetangulia. Hapo laptopu imeelemewa na sampuli zimepotea njiani, kwa kawaida kwa sababu bafa ni ndogo mno. Yaani mtu amefuata ule ushauri.

Kwa hiyo anayesema "latensi yangu inaongezeka kadiri kipindi kinavyokwenda" amesikia vizuri kabisa, jina tu ndilo si lake. Bafa aiache ilivyo, ahesabu kwanza vifaa vingapi vinarekodi kwa wakati mmoja, kila kimoja kwa saa yake.