Je, wajua kwa nini TeX Live kwenye Linux hugoma kusasishwa?

TeX Live ni mkusanyo wa programu za kupanga chapa. Ndani yake mna TeX, aliyoitoa Donald Knuth mwaka 1978, mna LaTeX ambayo Leslie Lamport aliijenga juu yake, na maelfu ya vifurushi vya watu wanaojitolea. Kwenye Debian au Ubuntu, ambazo ni aina za Linux, unaisakinisha kwa apt, chombo chao cha kusakinisha programu, na mambo yanakwenda vizuri, mpaka siku unapohitaji kifurushi kipya. Unaandika tlmgr update --all (tlmgr ni chombo cha TeX Live chenyewe cha kusasisha vifurushi) na unakataliwa: ama huna ruhusa, ama TeX Live yako ni ya mwaka wa nyuma kuliko iliyoko mtandaoni. Wengi hudhani wameharibu kitu, kumbe hakuna kilichoharibika.

TeX yenyewe karibu haibadiliki. Knuth alishasimamisha ukuaji wake. Akirekebisha kosa huongeza tarakimu moja tu ili namba ya toleo iisogelee pai, na tangu 2021 namba hiyo ni 3.141592653. Vinavyobadilika karibu kila siku ni vifurushi vilivyoko CTAN, ghala la pamoja la watumiaji wa TeX. TeX Live huvichota huko mwaka mzima. Kisha, kila mwaka, toleo hufungwa: programu zinajengwa upya kwa aina mbalimbali za kompyuta, zinajaribiwa, na toleo la mwaka mpya linatoka. La zamani halipokei tena kitu, na tlmgr haikubali kuchanganya miaka, kwa sababu vifurushi vya mwaka huu huenda vikahitaji mambo ambayo programu za mwaka jana haziyajui.

Debian nayo ina kalenda yake. Debian 12 ilitoka 2023 ikiwa na TeX Live 2022, na itabaki nayo hiyo hiyo, kwani wanaoitunza wanathamini utulivu kuliko upya. Faili hizo ni mali ya apt. Mafahali wawili hawakai zizi moja: tlmgr ikizibadilisha kwa nyuma, apt haitajua kilichomo kwenye mashine. Ndiyo maana tlmgr ya Debian imefungiwa kwenye folda ya mtumiaji tu.

Kwa mtu anayeandika barua na ripoti za kawaida, ya apt inatosha kabisa. Anayeandika tasnifu au kitabu namshauri achukue install-tl, programu ya kusakinisha, moja kwa moja kutoka TeX Live. Kila kitu kitakaa ndani ya /usr/local/texlive/2025, au mwaka wowote uliopo, na ukichagua folda yako ya nyumbani huhitaji hata sudo, yaani ruhusa ya msimamizi. Mkusanyo mzima unameza gigabaiti kadhaa, lakini unaweza kuchagua mpango mdogo na kuongeza vifurushi polepole. Kisha elekeza PATH, orodha ya folda ambamo kompyuta hutafuta programu, kwenye folda ya bin iliyomo humo. Mwaka ukibadilika, toleo jipya linakaa kando ya la zamani bila kuligusa, na hili ndilo ninalolipenda zaidi: hati iliyopangwa kwa toleo la 2023 unaweza kuipanga tena kwa programu zile zile, kurasa zikakatika palepale.

Kama hukumbuki uliisakinisha kwa njia ipi, andika which pdflatex. Jibu likiwa /usr/bin/pdflatex, kwa kawaida hiyo ni ya apt. Sasisha kwa apt. Likianza na /usr/local/texlive, tlmgr update --self --all itakutii, mradi mwaka haujafungwa.