Kupima ngozi ya mbanguaji wa korosho: jasho lisikudanganye

Mtungi wa udongo waweza kuwa umejaa pomoni na bado ukawa unavuja ubavuni. Ngozi nayo ni hivyo hivyo. Ndiyo maana sikubaliani na utafiti unaopima unyevu peke yake, kisha ukatangaza kwamba mafuta fulani yameponya mikono ya wabanguaji wa korosho. Unyevu ni maji yaliyomo ndani ya ngozi. Kinga ni uwezo wa kuyazuia yasitoke. Kila kimoja kina mashine yake.

Tabaka la juu kabisa la ngozi limejengwa kama kuta za zamani za Mikindani, mji mkongwe wa pwani ya Mtwara. Seli zilizokufa ni mawe ya matumbawe, na mafuta ya asili yaliyo kati yake, yaani seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta, ni chokaa. Utomvu wa ganda la korosho, wenye asidi ya anakadiki na kadoli, unaunguza. Mkono unababuka, unaingia weusi, kisha unapasuka, na maji ya mwili yanapata mwanya.

Mashine ya unyevu hupima namna ngozi inavyohifadhi chaji ya umeme, kwa kuwa maji huongeza uwezo huo kuliko mafuta au protini. Namba inayotoka ni alama za mashine yenyewe, si gramu, kwa hiyo usilinganishe za kampuni moja na za nyingine. Bonyeza kichwa chake wima hadi springi iingie, soma, inua. Ukirudia palepale upesi, maji yaliyofungiwa chini ya kichwa yanapandisha namba. Sogea kidogo, ngoja sekunde tano, chukua vipimo vitatu hadi vitano na uandike kile cha katikati. Futa kichwa kwa karatasi laini kila mara. Mtu aliyetoka baharini au kwenye mashamba ya chumvi lazima asuuzwe kwa maji baridi saa mbili au tatu kabla, kwa sababu chumvi iliyobaki juu ya ngozi hupandisha namba. Utando wa utomvu mkavu nao huishusha. Usiusugue kwa spiriti, maana utaondoa chokaa ile ile unayotaka kuipima. Tafuta sehemu safi iliyo jirani na uandike ulikopima.

Mashine ya pili hupima maji yanayotoka kupitia ngozi, kwa gramu kwa kila mita ya mraba kwa saa. Ile ya bomba lililo wazi, ambayo msingi wake Gert Nilsson wa Sweden aliueleza mwaka 1977, ina vihisio vya unyevu wa hewa na joto katika vimo viwili. Tofauti kati ya vimo hivyo ndiyo inayoonyesha kasi ya mvuke. Ngozi nzima ya upande wa ndani wa kigasha huwa karibu na 5 hadi 10. Mashine hii ndiyo tangulia nayo, kabla ngozi haijaguswa na kichwa cha mashine ya unyevu. Laza mkono mezani, weka bomba bila kukandamiza, usubiri namba itulie, kwa kawaida sekunde 30 hadi 45. Shika bomba kwa kishikio kisichopitisha joto, la sivyo joto la vidole vyako litaingia kwenye kipimo.

Sasa jasho. Mashine hii ya pili haijui tofauti kati ya maji yaliyopenya kwenye ufa na jasho lililotoka kwenye tezi. Novemba, Mtwara, mtu aliyetembea juani kuja kupimwa atasoma juu hata kama ngozi yake haina kasoro. Chumba kiwe nyuzi 20 hadi 22 za Selsiasi, unyevu wa hewa asilimia 40 hadi 60. Joto kiyoyozi kitaliweza. Unyevu wa pwani ni mgumu zaidi, funga madirisha na uwashe mashine ya kukausha hewa ikiwepo. Mpimwaji akae kimya nusu saa, mikono ya shati imekunjwa, bila chai ya moto. Pangaboi lizimwe, maana upepo mdogo tu unapeperusha ule mvuke. Umeme ukikatika katikati, anza upya kungoja. Usimalizie kwa haraka. Na kiganja usikipime kwa mashine hii: tezi za jasho ni nyingi mno pale, na woga pekee unatosha kuzifungua. Pima mgongo wa mkono, kati ya kidole gumba na cha shahada, mikono yote miwili, kisha kigasha kama mahali pa kulinganishia.

Vipakwa ndivyo vinavyoonyesha kwa nini mashine mbili zinahitajika. Gliserini huvuta maji, namba ya unyevu ikapanda, ilhali uvujaji ukabaki vilevile. Mafuta ya mgando hufunika juu, uvujaji ukashuka mara moja, lakini ukiyafuta chokaa bado imebomoka. Kwa hiyo mwambie asipake chochote tangu jana usiku, iwe ni mafuta ya nazi au ya nyonyo, na mpime asubuhi kabla hajagusa korosho.

Kosa linaloharibu kazi nyingi ni majira. Ukianza Julai wakati wa kusi, hewa ikiwa kavu, ukamaliza Novemba hewa imeshajaa mvuke, mikono itaonekana imepata nafuu hata bila dawa. Kila siku ya kupima wawepo pia watu wasiotumia dawa hiyo, wa kazi ile ile.

Kuhakiki vihisio vya mashine ya pili, tumia chupa iliyofungwa yenye tope la chumvi na maji, punje zisizoyeyuka zikionekana chini. Unyevu wa hewa ya juu yake hukaa karibu asilimia 75 kwenye nyuzi 25. Chumvi iwe safi ya maabara. Ile inayovunwa pwani kwa kukausha maji ya bahari ina magnesi, nayo hushusha unyevu wa chupa, ukaishia kurekebisha mashine iliyokuwa sahihi.